Jina Ambalo Sikulitaja kwa Daktari

Naitwa Sefu, mtoto wa fundi wa nguo, mzaliwa wa Gisenyi. Wengi mnanijua. Mmenisikia zaidi ya mara moja nikisimulia jinsi miguu yangu ilivyokufa nikiwa kijana, na jinsi Mwenyezi Mungu alivyonirudishia. Nimeisimulia habari hiyo kwenye maulidi, kwenye arusi, hata hospitali kwa wagonjwa waliokata tamaa. Watu hunishika mkono na kuniambia nimewapa moyo. Lakini kila mara niliikata habari ile katikati, nikatoa kipande kilichonipendeza. Leo naitoa nzima. Kuna mtu aliyekufa kwa sababu ya uongo wangu, na katika ushuhuda wangu sikuwahi kumtaja. Jina lake ni Bahizi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Wabelgiji. Nilikuwa na miaka ishirini, mwenye afya, mwenye kujipenda kidogo. Kutwa nzima nilikaa kwenye cherehani barazani kwetu, nikikanyaga, nikishona kaptula za kaki na mashati ya makarani. Baba alikata, mimi nikashona. Miguu yangu ilikuwa na nguvu kwa ajili ya ile pedali, na nilipenda watu waione misuli yangu. Jumapili duka lilifungwa kwa amri ya serikali, na hapo ndipo nilipokuwa mtu huru.

Jumapili nilikwenda Nyamyumba, kijiji cha kando ya ziwa, kwa Bahizi. Alikuwa mvuvi, Mkristo, amenizidi miaka miwili. Tulijuana kwa samaki: alituletea nyumbani kila Alhamisi, na mama yangu alimpenda kwa kuwa hakuwahi kumletea samaki wa jana. Mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka polepole. Baada ya misa alivua nguo za kanisani, akafungua mbwa wake wawili, tukapanda njia ya kando ya mto Sebeya, tokea pale unapoingia ziwani, juu mpaka kwenye mawe ambako maji yanaanguka.

Njia ile ilikuwa tulivu. Upande mmoja mto, upande mwingine migomba na mtama, halafu miti inakaribiana na kijia kinakuwa chembamba hata mnafuatana mmoja nyuma ya mwingine. Mbwa wa kule huvaa kengele ya chuma shingoni kwa ajili ya mawindo. Bahizi alizijaza majani zisilie, maana sisi hatukwenda kuwinda. Tulikwenda kutembea tu. Mimi niliyekuwa nasikia cherehani siku sita, kimya kile kilinishibisha.

Mbwa wenyewe walikuwa Rukara, dume jeusi, na Gaju, jike jekundu. Bahizi alimlea Gaju kwa maziwa baada ya mama yake kufa, akichovya kidole na kumtia kinywani. Na hapa nieleze jambo ambalo bila hilo habari hii haieleweki. Sisi Waislamu wa mjini mbwa hatumgusi. Mate yake ni najisi. Yakikupata, unaosha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, ndipo unaweza kusali. Baba yangu alikuwa mkali sana kwa jambo hili. Lau angejua kwamba mwanawe anatembea na mbwa kila Jumapili, wakimrukia na kumlamba mikono, asingeniweka barazani kwake. Kwa hiyo nilikuwa na suruali kuukuu niliyoiacha nyumbani kwa mama yake Bahizi. Nilikuwa nafika, naivaa, natembea, narudi, naivua, naoga, navaa nguo safi, naenda kwetu kusali magharibi. Bahizi aliiita suruali ya dhambi. Tulicheka sana kwa hilo.

Siku moja huko juu mtoni alitoka mbwa mgeni katika mtama. Alikuwa amekonda, anakwenda upande, hamtazami mtu. Akamvamia Gaju bila sababu, akamuuma mdomo. Tulimfukuza kwa mawe. Bahizi alimwosha Gaju damu mtoni, tukaendelea na safari yetu. Baada ya wiki moja tulikuwa tumesahau.

Kama mwezi ulipita. Jumapili ile Gaju hakuwa sawa. Alitembea nyuma yetu badala ya mbele. Mate yalimtoka, taya limelegea, anameza kwa nguvu, na alipojaribu kulia sauti ilitoka ya kukwaruza. Mara aliokota jiwe kwa meno, akaliacha. Tulipofika kwenye mawe Bahizi alipiga magoti, akamtazama.

"Iko na mufupa mu shingo," akasema. "Jana alikula vichwa vya samaki. Sefu, shika ye kichwa, mi naingiza mukono."

"Atakuluma."

"Gaju? Huyu mi nilimulea. Hawezi."

Nikamshika Gaju katikati ya magoti yangu. Bahizi akaingiza mkono kinywani, mpaka kwenye kifundo, akapapasa koo. Hakukuwa na mfupa. Alipokuwa anautoa mkono, Gaju alitikisa kichwa, meno yakamkwaruza Bahizi juu ya vidole, mistari mitatu, damu kidogo sana. Kisha akageuka, akanikamata shavu la mguu wa kushoto, akang'ang'ania. Hakubweka wala hakunguruma. Bahizi alimpiga teke, la kwanza maishani mwake nadhani, ndipo akaachia na kuingia katika mtama.

Mguu ulikuwa na matundu manne na nyama imening'inia. Nilikaa mtoni. Jambo la kwanza nililofikiria, ninaona haya kulisema, halikuwa kidonda. Nilifikiria sala ya magharibi. Nikaanza kuosha. Mara ya kwanza kwa udongo wa ukingoni, nikasugua mpaka machozi yakanitoka, halafu mara sita kwa maji yanayokwenda, na kila mara nikihesabu kwa sauti. Bahizi alichovya mkono wake mara moja, akaufuta kwa jani la mgomba, akakaa kunitazama.

"We unaosha muguu, ao unaosha zambi?" akauliza.

"Njoo nawe uoshe."

"Yangu hapana kuluma. Meno ilikwaruza tu."

Nyumbani nilisema nimejichoma na msumari wa boti. Mama alinifunga kwa kitambaa. Siku ya tatu kidonda kilivimba, kikatoa usaha wa njano wenye harufu, na mtoki ukanitokea kinenani. Nilikanyaga pedali kwa mguu mmoja. Baba aliniangalia juu ya miwani, akaendelea kukata. Siku ya tano Bahizi alikuja barazani, wala haikuwa Alhamisi. Baba alikuwa ndani.

"Gaju alikufa," akasema. "Nilimukuta mu matete. Mudomo ilibaki wazi, ulimi inje. Nilimuzika."

Kila mtu wa Gisenyi alikuwa amesikia habari za kichaa cha mbwa. Nikaweka mkasi chini.

"Twende hospitali kwa munganga," nikamwambia. "Sisi wawili."

Bahizi akatikisa kichwa. "Wakijua mbwa ni ya mi, watatuma polisi. Watapiga Rukara na bunduki, na mbwa yote ya mulima. Watu watanichukia. Na mukono yangu ilishakauka, angalia."

Akaninyooshea mkono. Kweli, mistari mitatu ilikuwa imekauka, myembamba, hata hukuweza kuiona vizuri kama hukuonyeshwa. Nami hapo ndipo nilipotunga uongo wangu. Bahizi hakunituma. Aliniomba nisimtaje mbwa wake, basi. Uongo wote niliutunga mimi, na niliutunga kwa ajili yangu, kwa sababu baba angenipeleka hospitali na angesimama pale akisikia.

"Nitasema ni mbwa ya barabara," nikasema. "Ilinilumia hapa soko, ikakimbia."

"Ile ni muzuri. Lakini we uende leo, Sefu. Usingojee."

Nilimwambia baba kwamba ule msumari ulikuwa mbwa. Alikasirika kwamba nilimficha, lakini mbwa wa barabarani hana mwenyewe, wala mtu hawezi kulaumiwa kwa kupita njia. Akanipeleka mara ile. Daktari alikuwa Mbelgiji, mtu mnene mwenye mikono midogo safi, aliyekuwa akisema Kiswahili chake bila kuona haya. Alikitazama kidonda, akakinusa.

"Imbwa ya nani?"

"Ya barabara, dokta. Sijue mwenyewe."

"Imeluma mutu mwingine?"

Baba alikuwa amesimama kando yangu, kofia mkononi.

"Hapana. Ni mi peke yangu."

Daktari aliweka kalamu chini. Namkumbuka akiiweka. "Fikiri muzuri," akasema. "Hata mutoto. Hata mutu yenye imbwa ilimukwaruza tu, ao kumulamba fasi ya kidonda. Mate inatosha. Yule mutu, bila sindano, atakufa. Hakuna dawa ingine."

Nilimwelewa. Sikuwa mtoto, wala lugha haikunipita. Niliona mkono wa Bahizi ukiingia kinywani mwa Gaju mpaka kwenye kifundo. Nikatazama viatu vya baba, nikasema tena, "Mi peke yangu."

Dawa ilikuja kwa boti kutoka Bukavu, katika sanduku dogo lenye barafu na unga wa mbao. Chupa ishirini na moja, chupa moja kwa siku, zote za kuchomwa tumboni. Nililazwa, kwa kuwa kidonda nacho kilihitaji kukatwa nyama iliyooza. Daktari aliniuliza nilikiosha kwa kitu gani. Nikamweleza, mara saba na udongo. "Maji ilikusaidia sana," akasema. "Udongo, usirudie."

Kila asubuhi muuguzi, ambaye mjini tulimwita muforomo, alileta bomba la kioo lililotoka kuchemshwa na sindano ndefu. Leo kulia kwa kitovu, kesho kushoto. "Vuta pumzi, angalia juu," alikuwa akisema. Dawa ilikuwa nzito, ikiingia unaihisi inasukuma nyama na ngozi mbali mbali. Baada ya wiki moja tumbo langu lote lilikuwa mavimbe mekundu, ya moto, yanayowasha. Sikuweza kufunga kifungo cha suruali wala kulala kifudifudi. Nilipocheka niliumia, na nilicheka, kwa sababu Bahizi alikuja kila siku ya pili.

Alikuja na samaki wa kukaanga ndani ya jani, akakaa kwenye kitanda changu, akanipa habari za mto na za Rukara. Mkono wake ulikuwa umepona kabisa. Siku moja daktari alipita akamkuta hapo, akamsalimu kwa mkono ule ule, akamwambia yeye ni rafiki mwema. Mimi nilikuwa nimelala hatua mbili tu kutoka kwao. Sikufungua mdomo.

Wala Bahizi mwenyewe sikumwambia. Hili ndilo linalonila mpaka leo. Kumficha daktari nilimficha kwa sababu ya baba. Lakini rafiki yangu je? Nilijua kwamba nikimwambia alivyosema daktari, atakwenda kuomba sindano, ataulizwa mbwa gani, na uongo wangu utafunuka baba akiwepo. Nikajiambia nitamwambia nikishatoka. Nikajiambia mkono wake umepona. Mara moja nilianza. "Munganga alisema mate..." nikasema, na baba akaingia na chupa ya chai.

"Alisema mate nini?" Bahizi akauliza.

"Eti mate yangu inakauka kwa sababu ya dawa," nikajibu. Bahizi akaniletea maji ya kunywa.

Siku ya kumi na nne, baada ya sindano, nilianza kuwashwa nyayo. Niliamka na homa, shingo ngumu, mgongo unauma kama nimepigwa. Adhuhuri nilitaka kwenda msalani. Nikashusha miguu, nikasimama, nikajikuta sakafuni. Miguu ilikuwa pale, naiona, lakini nikiiamuru haisikii. Jioni ganzi ilikuwa imefika magotini, kesho yake kiunoni. Mkojo ulikataa kutoka siku nzima, tumbo likavimba mpaka nikapiga kelele. Waliniingiza mpira, mkojo ukajaa beseni. Choo kilitoka bila mimi kujua, mama akanisafisha kama alivyonisafisha nikiwa mchanga, na mimi mwanamume wa miaka ishirini nikageuza uso ukutani.

Daktari alinichoma pini kwenye vidole, kwenye goti, kwenye paja. "Unasikia?" Sisikii. Akakaa kitandani, akazungumza na baba kwa upole. Alisema ni mara chache sana dawa ile ile inayomwokoa mtu hugombana na mishipa yake ya fahamu. Alisema ameacha sindano, na kwamba nilizopata huenda zikatosha. Kuhusu miguu, wengine hurudi, wengine hawarudi. "Tutangoja," akasema. Chupa saba zilibaki katika sanduku, juu ya kabati, mbele ya macho yangu.

Nilingoja. Nilipata vidonda vya kulala, kimoja mwishoni mwa mgongo, kipana hata mama aliogopa kunionyesha. Baba alikuja alfajiri kabla ya duka, akaninawisha kwa ajili ya sala, akaipangusa miguu yangu kwa maji, mmoja mmoja, taratibu, miguu ambayo haikuwa inayasikia yale maji. Mtu yule niliyemwogopa hakunipigia kelele hata siku moja. Kama ningemjua vizuri zaidi, nisingemdanganya.

Bahizi alikuja mara mbili nikiwa hivyo. Alinikanda miguu kwa mafuta ya mawese. Kisha Jumapili moja hakuja, na Jumatatu hakuja. Jumatano asubuhi alikuja mama yake, mwanamke mfupi aliyefunga kitambaa cheusi cha ujane. Alisema Kinyarwanda, mimi naandika kwa Kiswahili.

"Amenituma nikuambie atakuja akipona," alisema. "Hajambo sana, ni mkono tu. Unamwasha mpaka anaukuna kwa jiwe. Na hanywi. Jana nilimpa maji akatetemeka, akakisukuma kibuyu. Hata upepo ukimpiga usoni anashtuka. Wanasema amerogwa ziwani."

Baba alikuwepo. Mama alikuwepo. Nililala chali, siwezi hata kujigeuza, na nikasema kwa Kiswahili, nikimtazama baba, "Aliingiza mkono kinywani mwa mbwa. Mbwa ni wake. Nilimshika mimi. Daktari aliniuliza nikakataa." Yule mama hakujua Kiswahili. Aliona tu nalia.

Baba alitoka kwa haraka, akarudi na daktari. Nilirudia yote. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, akatazama lile sanduku juu ya kabati, akavaa kofia yake, akatoka. Nikasikia gari likiwaka. Yule mama alipanda nalo kuonyesha njia.

Walimleta mchana ule ule, wakamweka chumba cha mwisho, dirisha limefunikwa blanketi kwa sababu mwanga ulimsumbua. Ilikuwa imekwisha. Sindano hufaa kabla ya ugonjwa kuamka. Ukishaamka hazifai kitu. Nilimsikia. Sitaandika nilichosikia, kwa ajili ya ndugu zake walio hai.

Asubuhi yake nilimwomba baba anipeleke. Alinibeba mgongoni, miguu yangu ikining'inia, akaniketisha kwenye kiti mbali na kitanda. Mikono ya Bahizi ilifungwa kwa shuka. Mate yalimtoka na mama yake aliyapangusa kwa kitambaa. Lakini akili yake ilikuwa timamu, na ndilo jambo la kutisha katika ugonjwa ule. Alinitambua, akajaribu kucheka.

"Muguu je?"

"Bado."

"Na Rukara?"

Nikatazama sakafu. Rukara alikuwa amepigwa risasi asubuhi hiyo, pamoja na mbwa wengine wa mlima. Uongo wangu haukumwokoa hata mbwa. Bahizi alinitazama, akaelewa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Munganga anasema mate inatosha. Alikuambia ile mbele?"

"Aliniambia siku ya kwanza."

Kifua kikambana, akatetemesha kitanda kizima, ikapita. Alifumba macho.

"Ungeniambia, ningekuya," akasema.

Hakusema zaidi ya hapo. Hakunitukana, hakunisamehe. Alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri.

Miguu yangu ilianza kurudi siku ya arubaini tangu ilipokufa, au karibu na hapo. Mama alikuwa ananikanda, akaacha, akasema, "Kidole kimecheza." Nikadhani ananifariji. Nikakitazama kidole gumba cha kulia, nikakiamuru, kikacheza. Nililia kwa furaha, na katikati ya furaha ile nikakumbuka, na tangu hapo sijapata furaha isiyokuwa na kile kipande ndani yake. Kibofu kilirudi kwanza, halafu paja, halafu goti. Baba alinijengea uani mianzi miwili ya kushikilia. Nilijifunza kutembea nikitokwa jasho, hatua tano, hatua kumi. Daktari alishauri maji ya moto, kwa hiyo baba alinipeleka Nyamyumba, kwenye zile chemchemi kando ya ziwa, akaniketisha majini, akanikanda mwenyewe. Aliingia majini na kanzu yake, mtu yule asiyependa kulowa.

Siku moja tukiwa majini alisema, "Mwanangu, yule mama hajui. Anajua mwanawe aliumwa na mbwa wake. Hajui kwamba wewe uliulizwa. Mimi sitamwambia, si kazi yangu. Siku ukiweza kufika kwake kwa miguu yako, utamwambia mwenyewe."

Niliweza baada ya miezi saba. Nilikwenda na fimbo, mguu wa kushoto nikiuburuta kidogo, kama mnavyouona hadi leo. Njiani nilipanga maneno kwa Kinyarwanda, moja moja. Yule mama alikuwa anaanika maharagwe. Aliponiona natembea alidondosha ungo, akaja akanikumbatia kiunoni, kwa kuwa alikuwa mfupi, akalia kifuani pangu.

"Wewe ndiye uliyetuma gari," akasema. "Majirani walikuwa wanasema uchawi. Wewe ulikuwa umelala huna miguu, na bado ulimfikiria mwanangu. Mtu mwingine angefikiria miguu yake. Kama Mungu asingetaka vingine, gari lako lingemwokoa."

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nasema sasa, wakati hayafai tena kitu: yalikuwa tayari, yalihitaji pumzi moja tu. Aliniketisha, akanipa mtindi, akaniombea. Nikanywa mtindi. Jioni baba aliniuliza, "Ulimwambia?" Nikajibu, "Ndiyo, baba." Akasema Alhamdulillahi, akaenda kusali.

Baba amekwisha kufa, na daktari alirudi kwao zamani. Ninaandika kwa ajili yenu mnaoweza bado kufaidika. Mbwa akikuuma, au akikukwaruza tu, au mate yake yakigusa palipochubuka, osha kwa maji mengi na sabuni, usugue, usichoke. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sindano za leo si zile za kwangu. Ni chache, zinachomwa begani, wala haziui miguu, na hata zingekuwa zile zile ningewaambia mzikubali. Mbwa wako akibadilika sauti na kudondosha mate, usitafute mfupa. Na mkiulizwa nani mwingine, tajeni. Mtajeni hata kama amewaomba msimtaje, hata kama mzazi wenu amesimama pale. Aibu yangu ingekuwa ya siku tatu. Baba angefoka, angenifukuza barazani, na mama angemtuliza. Hayo ndiyo niliyoyaepuka kwa uhai wa mtu.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa miguu hii. Namshukuru mama aliyenigeuza ubavu kwa ubavu, na baba aliyenibeba, na yule muforomo wa sindano. Wale wenye ganzi leo, msikate tamaa. Kidole kinaweza kucheza siku msiyoitazamia.

Mama yake Bahizi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila mavuno alinitumia kikapu cha maharagwe, na aliyekileta aliambiwa aseme ni shukrani ya lile gari. Nilikipokea kila mwaka, nikala na watoto wangu, mpaka mwaka ambao hakikuja.